Ukili wa Mkono wa Kushoto

Nianze na picha, maana mpaka leo nikiikumbuka damu hunichemka. Msichana wa darasa letu ameketi sebuleni kwao, kavaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka, mbele yake mkeka uliokwisha shonwa, na mkononi kashika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Kaishika kama anakoroga chai. Tundu la uzi liko mbele, ncha iko kiganjani. Na anatabasamu! Mama yake alimpiga picha hiyo akaituma kwenye kikundi cha wazazi cha simu, na mwalimu wetu wa sanaa akaijibu kwa vidole gumba vitatu.

Nilikuwa gredi ya nane. Mwalimu alikuwa ametuambia kila mtu atengeneze kitu kwa mikono yake, kwa malighafi ya hapa petu, na kazi moja iliyo bora itapelekwa Malindi kwenye maonyesho ya shule. Mzazi alitakiwa atume picha za kila hatua ya kazi, ziwe ushahidi kwamba mtoto amefanya mwenyewe. Ushahidi! Sisi kwetu simu ilikuwa ya bibi yangu, kabambe, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera, ina tochi na redio, na kati ya hivyo viwili kilichokuwa kikifanya kazi ni tochi. Nilimwambia mwalimu. Akasema niazime simu kwa jirani. Nikamwambia jirani yetu simu yake imepasuka kioo, ukipiga picha mtu anatoka na nyuso nne. Darasa likacheka, mwalimu akadhani namfanyia mzaha, akaniambia nikae chini.

Sikuwa nafanya mzaha. Mkeka wangu nilikuwa nimeusuka na kuushona mimi, tangu chane ya kwanza mpaka fundo la mwisho, na nilichotaka duniani wakati ule ni kitu kimoja tu. Nilitaka mtu mzima autazame aseme, hii ni kazi ya mkono wako. Basi. Malindi ningekwenda au nisingekwenda, lakini hayo maneno niliyataka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Na ili uelewe kwa nini niliyataka hivyo, lazima nikwambie habari za bibi yangu na za mkono wenyewe.

Nimelelewa na bibi, Takaungu. Mama yangu alikuwa Malindi, akifanya kazi hotelini, akija mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo na maswali ya masomo. Bibi alikuwa msukaji. Miyaa, majani ya mkoche, huja kutoka bara, imekauka, unaichana vipande vyembamba ndizo chane, unazisuka zikawa utepe mrefu, na utepe huo ndio ukili. Ukishona kili ubavu kwa ubavu, una mkeka. Bibi macho yalikuwa yameanza kumkataa, kutia uzi kwenye shazia hawezi tena, kwa hiyo alikuwa akisuka ukili tu, anaukunja mabunda, na mfanyabiashara mmoja wa sokoni Malindi anapita kuuchukua apeleke kwa washonaji. Alasiri alikaa barazani kwa jirani na wanawake wenzake watatu wanne, miguu wameinyoosha, ukili unateremka mapajani, na mdomo haupumziki. Pale ndipo mji mzima ulikuwa ukihukumiwa. Nani kaolewa, nani kaachwa, mtoto wa nani hana adabu.

Mtoto asiye na adabu mara nyingi nilikuwa mimi. Mimi ni wa mkono wa kushoto.

Watu wa bara hawajui shughuli ya jambo hili kwetu. Kwa mkono wa kushoto huli, hupokei, humpi mtu kitu, huamkii. Nilipokuwa na miaka sita bibi aliufunga mkono wangu kwa kitambaa cha leso kuukuu, ubavuni, nikala hivyo mwezi mzima. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo kauli yake. Nilijifunza kula kwa kulia, nikajifunza kuandika kwa kulia, mwandiko wangu ukawa kama kuku kapita kwenye uji, lakini nikaandika. Kusuka ndiko kulikonishinda. Mkono wa kulia ulikuwa haujui chane iingie wapi. Nikiachiwa mwenyewe nilisuka kwa kushoto, upesi, na ukili ukatoka umekaza, lakini mistari yake inalala upande wa pili. Bibi aliuona, akaufumua wote mbele ya wenzake.

"Nani atanunua ukili uliogeuka?" akasema. "Huyu mjukuu wangu hana mkono."

Hana mkono! Ninao miwili, nilitaka kumwambia, na mmoja unasuka kukushinda wewe. Sikumwambia, maana makofi ya bibi hayakuwa na macho mabovu.

Shuleni nako hawakuniacha. Mwalimu wa stadi za maisha alituambia tununue daftari dogo tuandike mambo matatu ya kujirekebisha, na kila Ijumaa tujipime. Wenzangu waliandika kupunguza kula peremende, kusoma kurasa kumi, kutotazama simu. Mimi niliandika: moja, hasira. Mbili, mkono wa kushoto. Tatu, kuamka bila kuamshwa. La tatu nilifaulu. Kila Ijumaa nilitia alama ya vema mbele ya kuamka na alama ya kosa mbele ya haya mengine mawili, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu, "Ongeza bidii." Fikiria. Mtoto anaambiwa aongeze bidii ya kuacha kuwa na mkono wake.

Basi nikawa nasuka kwa siri, nyuma ya jiko, nikirudi kutoka shule, kabla bibi hajatoka barazani. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Wengine walikuwa na mpira, wengine na kuimba, mimi na miyaa iliyobaki chini ya kitanda cha bibi, vipande vilivyokatika, ambavyo yeye alivitupa. Likizo moja nilipata wazo la rangi. Msimu wa zambarau ulikuwa umepamba moto, meno ya watoto wote wa mtaa yameiva, nikasema kama zambarau inashika kwenye ulimi na kwenye sare ya shule, itashika kwenye miyaa. Nikachemsha zambarau kwenye kopo, nikatia chane. Nilitarajia zambarau yenyewe, ile ya kifalme. Ikatoka rangi ya majivu yaliyonyeshewa mvua, na hapa na pale doa la samawati. Nilikasirika, lakini nikaisuka vivyo hivyo, kwa kushoto, bunda zima, kwa sababu miyaa haitupwi. Na kwa kuwa sina subira, nikiongeza chane naongeza mbili kwa pamoja, mkia naukunja ndani. Bibi huongeza moja moja. Mtu mwenye akili timamu huongeza moja moja.

Bibi alilikuta lile bunda. Alilishika, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalipapasa kwa muda.

"Rangi gani hii? Maji ya kuoshea sufuria?"

Kesho yake halikuwapo. Nilipouliza akasema amewashia moto wa uji.

Nililia siku ile kama mtoto mdogo, peke yangu, nyuma ya jiko. Sikuwa nalilia rangi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeona vidole vyake vikipita juu ya ule ukili polepole, na nikadhani, kwa dakika moja hivi, atasema kitu kizuri.

Mwalimu wa sanaa alipotoa kazi yake nikasuka tena, mweupe mtupu, bila rangi, nikaushona mwenyewe ukawa mkeka mdogo wa mtu mmoja kulala kajikunja. Wiki tano. Vidole vilipasuka. Bibi aliuona umeisha, akaugeuza, akasema, "Peleka. Huyo mwalimu wako wa bara hajui kulia wala kushoto."

Na hilo lilikuwa kweli. Siku ya kupima kazi tulizipanga dawatini, na mwalimu akapita na karatasi yake ya madaraja manne: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, Mbali na Matarajio. Si mtu mbaya yule. Nasema hivyo kwa shida. Alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza pwani, na mtu hakumfundisha kitu juu ya mikeka, kakabidhiwa karatasi tu. Alifika kwa yule msichana wa picha. Mkeka wake mkubwa, wa rangi, umeshonwa ukanyooka. Mwalimu akasema, "Usione vyaelea, vimeundwa," akampa Kuzidisha Matarajio, na akatangaza palepale kwamba huo ndio utakaokwenda Malindi. Naibu mwalimu mkuu akauchukua ukakae ofisini kwake usichafuke.

Sisi wengine tulitazamana. Kila mtu alijua mkeka ule umenunuliwa. Mama wa msichana yule ana duka Kilifi mjini na kila wiki yuko soko la Malindi. Hakuna aliyesema. Tulikuwa tumezoea.

Akafika kwangu. Akaunyanyua mkeka, akautazama mbele na nyuma.

"Picha ziko wapi?"

"Sina picha, mwalimu. Nilikwambia."

"Bibi yako si ndiye msukaji?"

"Ndiye."

"Basi bibi yako ndiye angepewa alama." Akaandika. Niliona mkono wake ukiandika: Mbali na Matarajio. "Mtoto wa gredi ya nane hawezi kukaza hivi," akasema, kwa upole kabisa, kama ananihurumia. "Wakati mwingine fanya mwenyewe, hata kama ni kibaya."

Ewe! Bibi yangu! Bibi yangu ambaye angekatwa vidole kabla ya kusuka ukili wa kushoto, ndiye aliyenisukia! Ningeweza kumweleza. Ningesema, mwalimu, tazama mistari inalalia wapi, nipe miyaa nisuke mbele yako. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata jioni, nikiwa njiani. Pale pale nilichokipata ni hiki:

"Wewe huwezi kujua mkeka, labda ule aliozikwa nao babu yako."

Darasa zima lilisema "Haa!" kwa pamoja. Ni tusi baya, nakubali. Hasira hasara. Nilipelekwa kwa naibu, nikaambiwa nipige magoti nimsubiri mpaka amalize mkutano.

Nikapiga magoti ofisini. Sakafu ya saruji ile ina changarawe, na nilikuwa nimevaa sketi, kwa hiyo nilijisogeza kidogo kidogo mpaka magoti yakafika kwenye ukingo wa mkeka wa yule msichana, uliokuwa umetandikwa pale ukisubiri kwenda Malindi. Nikasema moyoni, angalau ufae kwa hilo. Nikainamisha kichwa, maana ndivyo mtu anavyopiga magoti, na nikawa sina kitu kingine cha kutazama ila mkeka.

Katikati, kati ya kili nyekundu na kijani, kulikuwa na kili tatu zenye rangi ya majivu. Na doa la samawati hapa na pale.

Nilidhani nimechoka. Nikauinamia zaidi. Mistari ya kili zile tatu ilikuwa inalala upande wa pili, inakutana na ya jirani zake kama mgongo wa paa la nyumba, na mshonaji, sijui ni nani huko Malindi, aliona uzuri wa jambo lile akaziweka katikati makusudi. Nikapeleka kidole. Nikatafuta mahali chane ilipoongezwa. Mbili kwa pamoja. Mkia umekunjwa ndani.

Nilikuwa nimepigishwa magoti juu ya ukili wangu mwenyewe.

Nilicheka. Naibu aliingia akanikuta nacheka, na hilo halikunisaidia. Alikuwa mama wa makamo, Mgiriama wa upande wa Kibarani, mkali, lakini mkali wa haki, anapiga wote sawa. Nilimwambia yote bila kupumua: zambarau, kushoto, chane mbili, moto wa uji. Alisikiliza. Alikuja akachuchumaa, akatazama ule mkeka, kisha akatuma uletwe wangu, akauweka kando yake. Akaona mistari inalala upande mmoja. Hakusema ameona.

"Tusi umetukana au hukutukana?"

"Nimetukana."

"Hilo lina adhabu yake, na utamwomba mwalimu radhi. Hili jingine, kesho njoo na bibi yako."

Nilikwenda nyumbani mbio. Sikusubiri hata atoke barazani, nilimwita aje ndani. Nilidhani namletea habari ya ajabu, kwamba kuna mtu aliiba ukili wangu mahali, au kwamba Mungu mkubwa. Nilikuwa mjinga hivyo. Nilimweleza. Na nilipofika kwenye rangi ya majivu, niliona uso wake.

"Rangi hufanana," akasema.

"Na kushoto, bibi? Na chane mbili?"

"Watu wa mkono wa kushoto wako wengi."

"Uliniambia umewashia moto."

"Nikisema nimewashia, nimewashia. We mwana utanihoji mimi?" Akarudi barazani.

Hapo nikajua. Huyu ndiye mtu aliyekuwa kila siku ananiambia njia ya mwongo fupi, akinipiga kofi kwa kila neno. Wala sikuwa na hasira ya kupiga kelele tena. Chakula sikula. Aliniwekea wali na mchuzi wa papa, kitu ninachokipenda, na nikakiacha mpaka kikafanya utando juu. Alijua kwa nini sili.

Asubuhi alivaa buibui lake la kwendea harusini. Tulitembea mpaka shule, yeye mbele na mfuko wake wa miyaa, maana alipanga kupitia kwa muuzaji kurudi. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ofisini kulikuwa na naibu na mwalimu wa sanaa. Wote wawili walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wakampa kiti. Akakikataa. Alivua ndara zake, akaketi chini kwenye saruji, mbele ya ile mikeka miwili, kwa sababu mkeka hautazamwi kutoka kwenye kiti.

Mwalimu akaanza. "Bibi, sisi tunataka kujua jambo dogo tu. Huu mdogo, ulishona wewe?"

"Mimi sioni hata tundu la shazia, mwanangu. Nishone nini?"

"Lakini ulisuka?"

"Sikusuka."

Mwalimu akamtazama naibu, na mtazamo ule niliuelewa: bibi gani atasema amemfanyia mjukuu kazi ya shule? Naibu akasogeza mkeka wa yule msichana.

"Na huu, mama? Hizi tatu za katikati?"

Angeweza kusema hajui. Hakuna aliyemshika shingo. Mwalimu alikuwa tayari kuzima jambo lile, mkeka uende Malindi, sote twende zetu. Bibi aliweka vidole juu ya ule ukili wa majivu akavipitisha taratibu, vile vile alivyofanya mlangoni siku ile. Alipofika kwenye maungio akasimama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilisema, kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine, "Sema, bibi."

"Nyamaza," akasema. Kisha akasema, "Huu ni wake. Wa huyu. Niliuuza mimi."

"Nilikuwa nimwambie ni wa mtoto," akaendelea, na alikuwa akizungumza na mkeka, si na sisi. "Yule bwana wa Malindi aliushika akasema, mama, huu mkono mzuri, umetoka wapi? Nikasema wangu. Akasema, kumbe bado unaweza mambo haya. Siku nyingi mtu hakunambia hivyo. Na wenzangu barazani nao nikawaambia wangu."

Nilitarajia kufurahi. Maneno niliyoyataka yalikuwa yametoka, mbele ya mashahidi wawili. Huu ni wake. Lakini wallahi sikufurahi. Nilichokisikia ni kwamba mkono wangu ulikuwa mzuri muda wote ule, na yeye alikuwa anajua, na aliniacha nitie alama ya kosa kwenye daftari kila Ijumaa.

Haya, na shule je? Sikiliza haki ya shule. Mwalimu alifuta Mbali na Matarajio, akaandika Kukaribia Matarajio. Hakuweza kupandisha zaidi, alisema, kwa sababu picha hazipo, na karatasi inataka picha. Alikuwa ameona haya, masikio yamemwiva, na alinisamehe lile tusi kabla sijamaliza kuomba radhi, lakini karatasi ni karatasi. Mkeka wa picha ulikwenda Malindi hivyo hivyo. Majina yalikwisha pelekwa, naibu akasema, akafunga mlango wa kabati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nasikia watu huko maonyeshoni waliusifu, hasa zile kili za katikati. Yule msichana aliulizwa rangi ile ameipata vipi, akasema ya dukani.

Tulirudi nyumbani mimi na bibi, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia. Jua limepanda. Nilisikia ndara zake nyuma yangu na pumzi yake, na kila nilipotaka kupunguza mwendo nilikumbuka kitambaa cha leso. Kwa muuzaji wa miyaa alipita, mimi nikasubiri nje. Tukaingia mtaani. Kwenye baraza ya jirani wenzake walikuwa wameshakaa kabla ya alasiri yao, wakisubiri habari, miguu wameinyoosha, na wakaanza kuita kutoka mbali.

"Ehe, umeitwa shule! Kafanya nini tena huyu asiye na mkono?"

Nilisimama. Nikageuka nikamtazama bibi yangu usoni, jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi.

"Waambie," nikasema.

"Twende nyumbani."

"Waambie, bibi. Kama ulivyosema kule."

Alisimama na mfuko wake kifuani, jasho linamtiririka chini ya buibui la harusi. Wale wanawake waliacha kusuka. Nikajua namfanyia jambo baya, na sikuacha.

"Ule ukili wa rangi ya majivu mlionisifia," akasema, "haukuwa wangu. Ni wa huyu. Wa mkono wake wa kushoto."

Mmoja wao, mkubwa wao, aliniangalia juu mpaka chini. "Na wewe mtoto, ndiyo umwaibishe mtu mzima njiani hivi? Mlezi wako?"

"Ndiyo," nikasema.

Bibi alikuwa bado amesimama pale pale, kama aliyesahau njia ya kwake. Nikaupokea ule mfuko, maana ulikuwa mzito, nikaushika kwa kushoto, tukaenda nyumbani.